Siku Homa Iliposhuka

Mdogo wangu alikuja Kibaha kuniuguza mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani aliletwa mjini akiwa mgonjwa, aje kutibiwa na dada yake mwenye duka la dawa. Sivyo. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetolewa uvimbe kwenye kizazi, tumbo limeshonwa, na nilikuwa nimekatazwa kuinua kitu kizito kwa wiki sita. Naishi peke yangu, chumba na sebule na ua mdogo, nyuma ya kituo cha Kwa Mathias. Mdogo wangu aliposikia, aliacha mihogo shambani na mkeka ambao haujaisha, akaja na begi moja na mananasi manne.

Mama yetu alizaa wawili tu, mimi na yeye, tukipishana miaka mitatu. Mimi nilisoma kidogo, nikapata mafunzo ya kuuza dawa, nikafungua duka Maili Moja. Yeye alibaki kijijini kwetu Marui na mama. Akaolewa, akafiwa na mume, akamlea binti yake kwa mananasi, mihogo na mikeka ya ukindu. Alikuwa mtu wa maneno. Alisemezana hata na vitu. Sufuria likiunguza wali aliligombeza, kuku akikawia kutaga alimwuliza kama anasubiri kadi ya mwaliko. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nikishika mshono wangu kwa mikono miwili ili nisicheke, na yeye akiona nimeushika ndipo alipozidi.

Mtaani kwetu maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa juma. Nina mapipa mawili ya plastiki uani, na juu yake nilikuwa nafunika mbao nzito na jiwe. Mdogo wangu aliyajaza yote mawili mpaka ukingoni, kisha akaziegemeza zile mbao ukutani. Alisema yeye akiwa sokoni mimi sitaweza kuziinua, nitajitonesha kidonda kwa ajili ya kopo la maji. Sikumkatalia. Mchana, akimaliza kazi, alitandika mkeka kivulini kando ya mapipa akajilaza. Usiku tulilala wote ndani ya chandarua, nikihakikisha mwenyewe kwamba kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Nilijua mbu ni wa usiku. Ndivyo nilivyojua.

Wiki ya nne nilianza kurudi dukani asubuhi, saa mbili tatu tu. Wateja wengi siku zile walilalamika homa na maumivu ya viungo. Niliwapa dawa ya maumivu na kuwashauri wapime malaria. Wananiita dokta, ingawa mimi si daktari, na kwa miaka ishirini sijawahi kumsahihisha mtu. Nilipenda kuitwa hivyo.

Jumatatu moja nilirudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu amelala ndani, mchana, kajifunika khanga mbili. Mwili ulikuwa wa moto. Alisema kichwa kinamuuma nyuma ya macho, na kwamba mifupa anaisikia kama mtu aliyelima heka nzima kwa siku moja. Nilimpeleka kwenye zahanati iliyo karibu akapimwa malaria. Haikuonekana. Nikampa parasetamo. Jumanne maumivu yalizidi, hata kugeuka kitandani alisaidiwa. Nikamwambia kama anaona afadhali twende hospitali. Akasema, "Hospitali yangu si wewe?"

Hakusema kwa kunisifu. Alisema kama mtu anayetaja jambo lililo wazi. Nikafungua pochi yangu nikatoa vidonge vya diklofenaki, dawa kali ya maumivu, kutwa mara mbili. Vilimpa nafuu ya saa chache, kisha maumivu yakarudi. Jumatano nikaleta sindano ya dawa hiyohiyo kutoka dukani. Kwa leseni yangu siruhusiwi kumchoma mtu sindano. Nilimchoma, takoni upande wa kulia, kwenye chumba changu, mlango umefungwa. Alilala vizuri alasiri ile, nami nilijisikia fahari.

Asubuhi yake mahali pa sindano palikuwa pamevimba, pana weusi mpana kama kiganja. Nilipabonyeza akaguna. Nikajiambia nimegusa mshipa mdogo. Nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Kuna siku nyingi za maisha yangu siwezi kuzikumbuka, lakini Ijumaa ile naikumbuka dakika kwa dakika. Homa ilishuka. Niliamka nikamgusa paji la uso nikakuta limepoa. Aliomba uji. Akatoka mwenyewe, akishika ukuta, akakaa kwenye kigoda uani. Nilipiga simu Marui nikamwambia mama kwamba mwanawe amepona, na mama akamshukuru Mungu, akampa simu binti wa mdogo wangu, naye akaongea na mama yake. Niliwasikia wakipanga safari. Mdogo wangu alimwambia binti yake kwamba Jumapili yuko Marui, asiyaache mananasi yakaliwa na ngedere.

Kwa kuwa nilikuwa na furaha, nilitaka uhakika. Nikamrudisha zahanati akapimwa wingi wa damu. Majibu yalisema damu iko juu, juu kuliko kawaida ya mwanamke. Nikacheka. Nikamwambia mimi niliyetoka kufanyiwa upasuaji nahangaika na vidonge vya kuongeza damu, yeye aliyelala homa siku nne damu imemjaa tele. Akasema ni matembele ya Marui. Tulirudi polepole. Njiani alisimama mara mbili, akasema tumbo linamkata juu, chini ya mbavu. Nikamwambia ni uji, ameunywa haraka kwa sababu alikuwa na njaa.

Saa saba mchana alitapika. Alipopiga mswaki kutoa ladha ya matapishi, mate yalitoka na damu, na fizi hazikuacha kutoka damu. Nilimshika mikono nikaikuta baridi. Baridi ya mikono kwa mtu ambaye jua la Kibaha linamwakia ni kitu ambacho ngozi yangu haijakisahau. Hakuwa na homa hata kidogo, lakini hakutulia, alikuwa anakaa, analala, anakaa tena. Na hakusema neno na kitu chochote mle ndani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji. Muuguzi alimfunga mkono kwa kipimo cha presha, akakijaza upepo, akakiacha kibane kwa dakika kadhaa badala ya kukifungua. Nilidhani amesahau. Alipokifungua, chini yake, kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, kulikuwa na vidoadoa vyekundu, vingi, kama mtu aliyechomwa kwa ncha za sindano. Muuguzi akaviangalia, akatoka, akarudi na daktari.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinisalimia shikamoo mama, kisha akauliza mgonjwa amemeza dawa gani nyumbani.

"Parasetamo," nilisema.

"Parasetamo tu?"

"Parasetamo tu."

Mdogo wangu alikuwa anasikia. Alinitazama, kisha akageuza uso kuelekea ukutani. Alinisitiri. Hata katika hali ile aliona kwamba dada yake ameshikwa na aibu, akaamua kuninyamazia.

Nilikaa na uongo ule karibu saa nzima. Walimwekea dripu, wakamchukua damu, wakampima presha mara kwa mara. Mara alipotapika tena, na safari hii matapishi yalikuwa meusi kama mashapo ya kahawa, nilimfuata daktari kwenye korido nikamwambia yote: vidonge, sindano, weusi wa takoni. Nikamwambia pia kwamba nina duka la dawa. Sikuulizwa hilo, lakini nililisema.

Hakunifokea. Nimewahi kutamani angenifokea. Aliegemea ukuta akanieleza taratibu, kama anayemweleza mwenzake wa kazini. Alisema ni dengue. Kirusi kinaletwa na mbu anayeuma mchana, anayezaa kwenye maji masafi yaliyotuama karibu na watu. Kikishaingia mwilini, mwili unapigana nacho, na katika vita hiyo ukuta wa ndani wa mishipa ya damu ndio unaoumia. Nilikuwa najua mshipa kama bomba. Yeye aliniambia ndani ya mshipa kumetandikwa chembe hai, moja imeshikana na nyingine, na kazi yake ni kuizuia damu isitoke na kuiamulia lini igande na lini isigande. Kirusi kinazilegeza. Zinaachana. Maji ya damu yanavujia tumboni na kifuani, na damu inayobaki ndani ya mishipa inakuwa nzito.

Nikauliza kama ndiyo maana kipimo kilisema damu iko juu. Akasema ndiyo. Haikuwa imeongezeka. Ilikuwa imepungukiwa maji yake.

Akaendelea. Alisema zile chembe sahani, zinazoziba tundu mtu akijikata, zinapungua sana kwenye ugonjwa huu, na zilizobaki hazifanyi kazi sawasawa. Mgandisho unaharibika, pengine damu inaganda ndani kwa ndani pasipohitajika, na pale inapohitajika kuganda haigandi. Diklofenaki inazidhoofisha zaidi hizo chembe chache zilizobaki, na inachubua tumbo. Na hatari yenyewe, alisema, haiji homa ikiwa kali. Inakuja homa ikishuka, siku ya nne, ya tano, watu wakidhani mgonjwa amepona.

Nimekaa kwenye mafunzo zaidi ya mara moja tukaambiwa kwamba mtu mwenye homa isiyojulikana asipewe dawa za aina ile. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama mtu anavyoijua njia ya kijiji ambacho hana safari nacho.

"Kama angekuja asubuhi?" nilimwuliza.

"Mama, tungekuwa na nafasi kubwa zaidi," alisema. "Siwezi kukwambia zaidi ya hapo."

Nikamwuliza tena, je, kama ningesema kweli aliponiuliza mara ya kwanza. Akasema matibabu yangekuwa yaleyale. Sijui kama ilikuwa kweli au huruma.

Walimwongezea damu na maji. Tatizo, kama nilivyoelewa, lilikuwa kwamba maji yakipungua presha inaanguka, yakizidi yanavuja na kumjaza mapafu. Walikuwa wanapima kidogo kidogo, kama wanaotia chumvi kwenye chakula cha mtu mwingine. Tumbo lilivimba. Kila walipomchoma, tundu la sindano lilibaki likitoka damu, na muuguzi mmoja alisimama akilibana kwa pamba muda mrefu, akihesabu midomo yake ikicheza. Jumamosi asubuhi mdogo wangu alizungumza nami vizuri mara moja tu. Alisema nifunike mapipa kwa sababu vumbi linaingia. Niliitikia. Alikata roho siku hiyohiyo kabla ya adhana ya alasiri, nikiwa nimemshika mguu, kwa maana mikono yote miwili ilikuwa na mipira.

Tulimpeleka Marui Jumapili, siku aliyokuwa amemwahidi binti yake. Kwa mila zetu maiti haikawii. Niliingia na wanawake kumwosha, shangazi yetu akiwa mwoshaji, mimi namsaidia, na binti wa marehemu, ambaye ni mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, alipewa kazi ya kumimina maji. Tulipomlaza ubavu ili aoshwe upande wa pili, ule weusi wa sindano ulikuwa pale. Ulikuwa umeenea mpaka nusu ya paja. Shangazi aliuona, akanitazama mimi moja kwa moja, kisha akavuta shuka akapasitiri. Mwoshaji hasemi alichokiona kwenye mwili wa maiti, na shangazi yangu hajasema mpaka leo. Lakini kopo la maji mkononi mwa binti lilikuwa limesimama. Maji hayakumiminika mpaka shangazi alipomwambia endelea, mwanangu.

Matanga yalipoisha, watu wakatawanyika, nilibaki na mama yangu barazani. Alikuwa anapepeta mchele ambao hakuna aliyemwomba aupepete. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nilianza kwa kusema, mama, kuna jambo kuhusu dawa nilizompa mwenzangu. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mwanangu," alisema, "nilizaa wawili. Mmoja nimemzika juzi. Huyu wa pili usiniondolee."

Mama aliendelea kupepeta, kisha akaniambia niangalie kama moto jikoni bado unawaka. Tangu siku hiyo nimejaribu mara mbili kulirudia jambo lile, na mara zote mbili ameniuliza habari ya mshono wangu.

Niliporudi Kibaha, afisa afya wa mtaa alikuja kukagua nyumba, kwa kuwa hospitali ilipeleka taarifa. Alichota maji ya pipa kwa kopo jeupe akanionyesha viluwiluwi vikijipindapinda. Aliyamwaga mapipa yote mawili, mengi ya maji yale yakiwa yameletwa na mikono ya mdogo wangu, ndoo kwa ndoo. Alikuwa mtu mwenye adabu. Aliniambia mbu wale wapo mtaa mzima, hakuna awezaye kusema nani aliumwa wapi. Nilimshukuru. Kisha nikakaa uani kwenye udongo uliolowa mpaka ukakauka.

Binti wa mdogo wangu alikuja baada ya arobaini kuchukua vitu vya mama yake. Hakunitumia ujumbe kwamba anakuja. Alinisalimia, akakaa, akakataa chai. Alikunja nguo za mama yake moja moja akazipanga ndani ya begi. Alipomaliza akafunga zipu, akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Mama mkubwa, ule weusi ulikuwa wa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ugonjwa wenyewe unaleta weusi, na hilo si uongo. Mama yangu alikuwa amenionyesha kwamba kunyamaza nako ni namna ya kuwahurumia waliobaki. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja, kando ya kitanda cha mama yake, na mama yake akageukia ukuta. Nikamwambia. Sindano nilimchoma mimi, na vidonge nilimpa mimi, na dawa ile haifai kabisa kwa ugonjwa ule kwa sababu damu inashindwa kuganda. Nikamweleza na zile chembe zilizotandikwa ndani ya mshipa, jinsi zinavyoachana, na nilipokuwa naeleza niliona kwamba najificha nyuma ya maelezo, nikaacha.

Akauliza kama nilikuwa sijui. Nikamwambia niliwahi kufundishwa.

Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Ungekuwa muuza nyanya, mama angekwenda hospitali."

Hilo ndilo nililobaki nalo. Nimelipindua kila upande nikitafuta penye makosa, sijaona. Mdogo wangu angekuwa na dada muuza nyanya, Jumanne ile ile angeingizwa kwenye bajaji, na mtu asiyemjua angemwambia kaa hapa tukutazame mpaka homa ipite, na baada ya homa tukutazame tena.

Nilifunga duka miezi miwili, kisha nikafungua, kwa kuwa sina kazi nyingine ninayoijua. Mtu mwenye homa akija kuomba dawa ya viungo namwambia aende akapimwe kwanza, na namweleza kwa nini. Wengine huenda. Wengi hunisikiliza, husema sawa, halafu huvuka barabara wakanunue duka la pili, nami nawaona nikiwa nimesimama hapohapo.

Marui nakwenda kila mwisho wa mwezi kumwona mama. Binti wa mdogo wangu huniamkia shikamoo, kama anavyomwamkia mkubwa yeyote apitaye njiani, nami huitikia marahaba. Kisha huchukua jembe lake akaenda shamba. Haniiti tena mama mkubwa, haniiti chochote. Mama na mimi tunakula, tunazungumza habari ya mvua na bei ya korosho. Mama huniambia kwamba yule binti hurudi nyumbani baada ya pikipiki niliyopanda kupotea kwenye mikorosho, na kwamba akirudi hula kile chakula kilichobaki, akanawa, akalala mapema.